Je, Nimeukimbia Wito Wangu?



Nilifundisha Hisabati kwa miaka sita katika shule ya kata. Darasa moja tu la Kidato cha Pili lilikuwa na wanafunzi 83. Mwaka jana niliacha chaki, nikaajiriwa na kampuni inayotengeneza masomo ya kwenye simu. Sasa naandika masomo, narekodi video fupi na kutunga maswali ambayo programu inayasahihisha yenyewe.

Siku ya kuaga, binti mmoja wa Kidato cha Tatu aliniuliza, "Kwa hiyo mwalimu, na wewe umetuchoka?" Nikacheka tu, kile kicheko cha kukwepa. Swali lake likanifuata mpaka kwenye benchi la kanisa.

Ualimu tunauita wito. Basi anayeuacha amemwacha nani? Mungu, watoto, au kazi tu?

Nilimweleza padre wetu jinsi nitakavyowafikia watoto wengi zaidi. Akanisikiliza, kisha akauliza, "Hayo ya kuwafikia wengi uliyafikiria kabla ya kuona mshahara, au baada?" Nikanyamaza. Ilikuwa baada. Akaniambia kutafuta riziki si dhambi, maana mwalimu naye ana wazazi na kodi ya nyumba. Hatari ni kuuvalisha mshahara kanzu ya utume, halafu tukaipigia magoti.

Nikamsoma upya Mtakatifu Yohane Mbatizaji wa La Salle, aliyezaliwa Reims, Ufaransa, mwaka 1651. Papa Pio XII alimtangaza msimamizi wa walimu mwaka 1950. Huyu naye alibadili kazi! Alikuwa kanoni wa kanisa kuu, cheo chenye heshima na kipato, akakiacha mwaka 1683, kisha akagawa mali yake kwa maskini wakati wa njaa. Alibadili hata namna ya kufundisha: watoto wajifunze kusoma kwa Kifaransa, lugha yao, badala ya kuanza na Kilatini, na wafundishwe kwa kundi badala ya mmoja mmoja. Wapo waliompinga. Lakini kila alipobadilika, alisogea karibu zaidi na mtoto wa maskini.

Hapo nikapata kipimo. Chaki si takatifu na simu si ya shetani. Swali ni hili: mabadiliko yangu yananisogeza kwa nani?

Na jibu linauma. Ofisini tunahesabu watumiaji. Mtoto asiye na simu hayumo kwenye hesabu, kwa hiyo hata kukosekana kwake hakuonekani. Yule mchungaji wa Injili alijua kuwa mmoja amepotea kwa sababu kondoo wake wote 100 walikuwa kwenye hesabu yake.

Ila nisijidanganye upande wa pili pia. Kati ya wale 83, wapo wa viti vya nyuma ambao mpaka muhula unaisha sikuwajua majina. Nilikuwa darasani kila siku, na bado sikuwaona. Kusimama mbele ya mtoto si sawa na kumpenda. Unaweza kuukimbia wito ukiwa umeshika chaki mkononi.

Basi nimefanya mambo mawili, madogo tu. Kazini nadai kila somo liwe jepesi, lipakuliwe mara moja lisomwe bila bando, na liweze kuchapishwa. Wakati mwingine nashindwa, lakini nadai. Na Jumamosi nafundisha Hisabati kigangoni, bure.

Jumamosi ya tatu yule binti alikuja. Hakurudia swali lake. Alisema tu, "Mwalimu, video yako ya milinganyo haifunguki kwenye simu ya baba." Tukakaa kwenye benchi, nikamfundisha kwa kalamu na daftari. Jumatatu nikaipeleka simu ya baba yake kwenye kikao, yaani habari zake.

Kijana mwenzangu unayewaza kubadili kazi, usiulize tu kama una ruhusa. Uliza nani ataachwa, na utamfanyia nini.

Tuombe: Ee Yesu Mwalimu mwema, safisha nia zetu. Popote utakapotutuma, utuonyeshe yule mmoja asiyehesabiwa. Amina.