Je, Yatupasa Kumwuguza Kobe?

Liko swali lionekanalo dogo, lakini ndani yake mna jambo kubwa. Tuseme mtoto wa nyumba zetu amemwokota kobe mchanga katika tambarare za Usangu, akamleta huku Tukuyu, na baada ya siku chache kobe ameugua. Mmoja nyumbani asema, "Atupwe, ni mnyama tu, na watu wagonjwa ni wengi." Mwingine amhurumia, amfunika kwa nguo na kumnywesha maziwa. Katika hao wawili, ni nani atendaye haki?

Kwanza na tuitazame sababu ya ugonjwa. Kobe hana joto lake mwenyewe kama kuku au mbuzi. Hulipata kwa jua na kwa ardhi. Usangu ni nchi ya joto na ukavu, bali kwetu chini ya Mlima Rungwe mvua ni nyingi mno, na ukungu hulifunika jua hata siku kadha wa kadha. Mwili wake ukipoa, chakula hakisagiki tumboni, na nguvu ya kushindana na maradhi hupungua. Hapo kamasi humtoka puani, hupumua kinywa wazi, macho huvimba, naye hukataa kula. Tena akikosa jua na chokaa katika chakula chake, gamba hubaki laini na kupindika.

Basi ni dhahiri ya kuwa yule amnyweshaye maziwa, ingawa moyo wake ni mwema, hamtendei mema. Maziwa na ugali si chakula chake. Yeye hula nyasi na majani ya namna nyingi. Wala nguo haimtii joto, maana nguo humhifadhia mtu joto alilo nalo, na kobe hana. Yampasayo ni sanduku kavu, lenye upande wa joto na upande wa kivuli, ili achague mwenyewe. Jua kila lipatikanapo. Na maji ya uvuguvugu katika sahani, yasiyopita kidevu chake, apate kunywa. Asilazimishwe kula angali baridi. Dawa ya wanadamu asipewe. Kipimo hufuata uzito, na kobe aliyeanguliwa karibuni huweza kuwa mwepesi kuliko yai la kuku. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo. Naye amshikaye na anawe mikono kwa sabuni, kwa kuwa hata kobe mzima huweza kuchukua vijidudu viletavyo kuhara.

Sasa tumrudie asemaye, "Atupwe." Hoja yake si ya kudharauliwa. Ikiwa fedha ni ya dawa moja tu, na mtoto ana homa, mtoto hutangulia, wala hakuna haja ya kuona haya. Lakini jua halinunuliwi, na sahani ya maji haimpunguzii mgonjwa yeyote kitu. Na ajiulize mtu aliyejiokolea robo saa kwa kumtupa kobe, kama robo saa hiyo aliipeleka kwa jirani aliyelala kitandani.

Tena liko deni. Kobe huyu hakupanda Tukuyu kwa miguu yake. Mkono wa mtu ulimhamisha, na kwa sababu hiyo ameugua. Amwondoaye kiumbe mahali pake amejitwika mzigo wake. Kumtupa shambani ni kumwua kwa baridi; kumrudisha Usangu angali mgonjwa ni kuwapelekea wenziwe maradhi. Yafaa afisa wa wanyamapori apewe habari, maana Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumkamata mnyama wa porini bila kibali.

Wala jambo hili si la Rungwe peke yake. Mwaka 1919 kobe wakubwa wa Aldabra waliletwa kutoka Shelisheli hata kisiwa cha Changuu, karibu na Unguja, wawe zawadi. Walizaana sana, kisha wakaibwa na kuuzwa, hata mwaka 1996 wakabaki 7 tu. Hapana shaka wengine walionunua waliwapenda kobe, na mapenzi hayo ndiyo yaliyowapa wezi soko. Walipona kwa kulindwa, na wachanga wao kulelewa ndani ya ua.

Kwa hiyo twasema, huruma ni njema, lakini yatupasa kuuliza kwanza kiumbe huyu ahitaji nini, ndipo tumpe, hata kama hatupendezwi nacho. Akifa, mtoto na aambiwe kweli kwa upole kwamba mahali pageni ndipo palipomwua, wala asitafutiwe mwingine. Kobe aachwaye kwao huweza kuishi zaidi ya miaka 50. Basi, wazazi, mtoto amwonapo njiani, mfundisheni kuchuchumaa, kumtazama hata aridhike, kisha kumwacha aende zake.