Mahali Tulipoangukia



Huko Uskoti uko mji mdogo ulioitwa kwa jina la Mtume Andrea, yaani St Andrews. Kando ya bahari pana uwanja wa gofu wa kale sana, wenye mitego ya mchanga 112. Mingine huioni mpaka mpira umekwisha kuzama humo. Mwaka 1921 alifika Bobby Jones, kijana Mmarekani wa miaka 19, mchezaji wa ridhaa asiyelipwa hata senti. Siku ya mzunguko wa tatu mambo yalimharibikia. Akielekea shimo la 11 mpira ulinaswa mchangani, akaupiga na kuupiga, hautoki. Mwisho aliuokota, akajitoa mashindanoni mbele ya watu.

Tusimcheke. Tunao wenzetu walioteleza mbele ya macho ya mtaa mzima, nao tangu siku hiyo hawajaikaribia Meza ya Bwana. Wengine husali mbali, wasikojulikana. Je, ni kosa lao tu linalowaweka nje, au na macho yetu pia?

Jones alirudi. Mwaka 1927 alishinda mashindano yale yale, uwanjani pale pale, akaomba kikombe kibaki St Andrews. Na mwaka 1958, akiwa mgonjwa anayetembea kwa shida, wenyeji walimpa uraia wa heshima wa mji wao.

Jumapili ijayo, tukimwona mwenzetu amesimama mlangoni akisitasita, tusogee kidogo kwenye benchi.