Kwezi wanalea, sisi tunafunga mageti



Ndugu zangu Waislamu, katika Suratul An'am, aya ya 38, Mola wetu anatujulisha kuwa wanyama na ndege nao ni umma kama sisi. Aya hii tunaisikia sana, lakini ni nani kati yetu husimama kumtazama ndege? Leo nataka tumtazame kwezi, yule mwenye mgongo wa buluu inayong'aa na tumbo la rangi ya kutu, anayeokota makombo kwenye bustani za Arusha na Nairobi.

Huko Laikipia, Kenya, kwenye kituo cha utafiti cha Mpala, mtaalamu Dustin Rubenstein na wenzake waliwavisha kwezi pete za rangi miguuni, wakawafuatilia tangu mwaka 2002 hadi 2021. Waliona kuwa kwezi huishi kwa makundi. Wachache hutaga, na wengine huwaletea makinda wadudu na kufukuza maadui, ilhali makinda si wao.

Utasema, hao ni ndugu. Kweli, damu hutangulia. Lakini matokeo yaliyotangazwa mwaka 2025, baada ya misimu 40 ya kuzaliana, yana jambo zito zaidi. Ndani ya kundi wamo wageni waliohamia kutoka makundi mengine, na kwezi huwasaidia kulea hao wasio na nasaba nao, hata pale ndugu wa damu wapo. Misimu ikipita, aliyesaidiwa huja akamlelea makinda yule yule aliyemsaidia. Subhanallah!

Sisemi ndege ni malaika. Keremkerem wa Nakuru, baba humsumbua mwanawe anayetaka kuanza familia yake, mpaka aache na kurudi kulea wadogo zake. Hilo tusiliige.

Kinachonigusa mimi ni mahali kwezi wanapoishi. Ni nyika ambayo mvua yake haitabiriki. Mwaka huu neema, mwakani ukame. Wataalamu wanaona kuwa ulezi wa pamoja kwa jamii za kwezi umeshamiri zaidi kwenye nchi za namna hiyo, kwa kuwa huko wawili peke yao huelemewa. Sisi wa mjini tumeigeuza hesabu. Ugumu wa maisha ndio udhuru wetu wa kwanza. "Sheikh, hali ngumu," kisha geti linafungwa.

Mtume (SAW) ametuahidi kuwa mlezi wa yatima atakuwa karibu naye Peponi mithili ya vidole viwili. Tunaitikia takbir, tunavaa viatu, tunaondoka.

Katika msikiti ninaoswali yupo kijana wa darasa la sita. Baba yake alipofariki tulijaa msibani siku tatu, pilau ikaliwa, mikeka ikakunjwa. Ami zake watatu wako mji huu huu, na mmoja ana duka. Kijana anauza mifuko sokoni kabla ya Adhuhuri. Nimewafuata ami zake wawili. Kila mmoja amenielekeza kwa mwenzake. Wa tatu nitamfuata Ijumaa hii, inshaallah, na majirani zake niwafuate pia, maana mtoto hakuandikiwa ami peke yao. Shule zinafunguliwa Jumatatu, na sare hana.