Enyi Mnaomwimbia Mungu wa Kike

Sikieni, enyi wanawake wa Marekani mnaojiita wachawi bila kuona haya. Kwa imani mimi ni mwenzenu. Naamini kwamba uungu unakaa ardhini na katika mwili wa mwanamke, katika damu yake ya mwezi na katika uchungu wake wa kuzaa. Kwa hiyo siwezi kunyamaza. Kila mwisho wa Oktoba mnawasha mishumaa, mnashikana mikono na kucheza kwa kuzunguka, mnawalilia wanawake walionyongwa na kuchomwa moto Ulaya. Kisha mnarudi majumbani, na mwanamke aliye hai mnamwachia jaji, mbunge na kampuni ya bima.

Tena mnawasingizia wafu. Bado wapo kati yenu wanaohubiri kwamba waliuawa milioni tisa. Hesabu hiyo ni makisio ya Mjerumani mmoja wa karne ya 18, aliyechukua kesi za mji wake akazizidisha kwa Ulaya nzima. Wanahistoria waliopekua kumbukumbu za mahakama wanakadiria 40,000 hadi 60,000. Je, hao hawatoshi kuombolezwa?

Mngetafuta ukweli wao mngeukuta mlangoni kwenu. Mwaka 1662, katika mji wa Bury St Edmunds, Uingereza, jaji Matthew Hale aliongoza kesi ya wajane wawili, Rose Cullender na Amy Denny, walioshtakiwa kwa uchawi. Wakanyongwa. Hale huyohuyo ndiye aliyeandika kwamba mume hawezi kuwa na hatia ya kumbaka mkewe. Na tarehe 24 Juni 2022, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoifuta haki ya kutoa mimba iliyokuwapo tangu 1973, Jaji Samuel Alito alimtaja Hale mara kadhaa kuwa ni mjuzi wa sheria wa kutegemewa. Mtu aliyewapeleka wale wawili kitanzini anatoa ushahidi juu ya matumbo ya binti zenu, nanyi hata jina lake hamkuambiana kwenye duara.

Waliowatangulia hawakuishi hivi. Mwaka 1971, mjini Los Angeles, Carol Downer alipanda juu ya meza mbele ya wanawake wenzake akawaonyesha mlango wake wa kizazi, kwa spekulamu ya plastiki. Wengi wao walikuwa wamezaa, na hawakuwa wamewahi kuuona. Aliyeuona alikuwa daktari tu. Mwaka uliofuata polisi walivamia kliniki waliyoianzisha wakamshtaki kwa kufanya udaktari bila leseni, kwa kuwa alimsaidia mwanamke kujitibu fangasi za ukeni kwa mtindi. Alishinda kesi. Huko Chicago, kati ya 1969 na 1973, kikundi kilichoitwa Jane kiliwatoa mimba kwa usalama wanawake wapatao 11,000 wakati sheria ilipokataza, na wanachama wake saba walitiwa mbaroni. Wengi wa hao hawakumtaja Mungu wa kike hata mara moja, lakini kazi yake waliifanya. Na hata ndani ya imani yetu, Starhawk na wenzake mwaka 1981 walikwenda kuuzuia mtambo wa nyuklia wa Diablo Canyon, wakakamatwa. Kwao ibada na jela vilikuwa njia moja.

Ninyi mmejenga soko. Mnauziana mawe ya kutuliza tumbo la uzazi, ilhali mwaka 2022 wanawake weusi wa nchi yenu walikufa kwa uzazi kwa kiwango cha 49.5 kwa kila vizazi hai 100,000, na weupe 19. Duara zenu nyingi ni za weupe. Mmekwenda lini kukaa na mjamzito mweusi wodini, ili akisema anaumia asiambiwe anajidekeza? Novemba 2024, huko Florida, asilimia 57 ya wapiga kura walitaka haki ya kutoa mimba irudi, na sheria ilidai 60. Mlikuwa wapi miezi ile ya kugonga milango? Ole wenu, mnaoita nguvu zishuke na miguu yenu hamtaki kuiamsha.

Nanyi mnaosoma Kiswahili, msidhani karipio limewapita. Mwanamke wa California anavaa neno mchawi kwenye fulana. Bibi wa Shinyanga au Mwanza analivishwa, na usiku wanakuja wenye mapanga. Kosa lake ni macho mekundu. Miaka arobaini, hamsini, ameinamia moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe, akiwapikia wana na wajukuu, mpaka macho yakaharibika. Huo ni ugonjwa, na kilichotakiwa ni daktari na jiko lisilofuka moshi. Tangu 1928, ilipokuwa Tanganyika, Tanzania Bara ina sheria ya uchawi, na hakuna kifungu kilichomjengea bibi huyo jiko. Mtoto alipougua mlikimbilia kwa mganga kuuliza nani kamroga. Macho ya mama yenu yalipoanza kuwa mekundu, ni nani kati yenu aliyempeleka hospitali?