MAJI, SABUNI NA ASKARI

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, wiki iliyopita askari walipita hapa msikitini wakaomba maji na sabuni. Mmoja wetu akawafungia bomba akisema, "Hawa si watu wetu." Wazee wameniuliza hukumu yake. Leo najibu.

Mwaka wa 8 Hijria, Amr bin Al-As (r.a.) aliongoza jeshi katika vita vya Dhatu Salasil. Usiku wa baridi kali akapatwa na janaba. Akaogopa kwamba akioga atakufa, akatayamamu na kuwasalisha wenzake Alfajiri. Waliporudi, habari ikamfikia Mtume (s.a.w.). Amr akatoa hoja kwa aya inayotukataza kujiua. Mtume akacheka, hakumlaumu. Tazameni, ndugu zangu: mtu yuko vitani, ni mkubwa wa jeshi, na bado tohara yake inaulizwa.

Na sisi wa Masisi na Walikale tunajua uchafu wa vita unavyoua. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma, raia pamoja na askari wa jeshi lililoshindwa. Ardhi ile ni mawe ya volkano, vyoo havichimbiki, na maji ya kunywa yakachafuka. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi kwa kolera na kuhara damu. Kolera haikuuliza nani ana bunduki. Askari akijisaidia mtoni kule juu, huku chini mtoto wako anateka.

Kwa hiyo bomba lifunguliwe. Bunduki zibaki nje ya ua. Hilo nitamwambia mkubwa wao mimi mwenyewe, vijana wasiingilie.

Lakini askari aliyemnyang'anya mama sabuni yake sokoni, au maji yake, ajue ana deni. Anayetawadha kwa maji ya dhuluma, kwetu Shafi udhu unasihi na dhambi inabaki. Hanbali katika kauli yao mashuhuri wanasema hausihi kabisa.

Ijumaa ijayo kila nyumba ilete kipande cha sabuni ya mawese. Asiyeweza alete majivu safi ya jikoni, nayo yanasafisha mikono. Mama zetu walijua hilo kabla ya maduka. Kopo litakuwa kwenye mlango wa kina mama.

Wabillahi tawfiq.