Gugu ni Lipi?

Mwaka mmoja nilikosana na jirani yangu kwa sababu ya nyasi. Kati yetu pana ua wa miti. Upande wake ni malisho ya ng'ombe wa maziwa, upande wangu ni maharagwe. Nilipoona nyasi zimetambaa baina ya mistari yangu, sikuuliza. Nilisema nyasi zake za kikuyu zimevuka mpaka, tena nilisema mbele ya watu.

Mama yake, bibi wa makamo mengi, alinijia akaniuliza: "Mwalimu, uliinama ukazitazama?"

Sikuwa nimeinama. Siku hiyo niliinama. Nyasi za kikuyu zina mashina manene yanayotambaa na kutia mizizi penye kila pingili. Maua yake hufichwa ndani ya ala ya jani. Penye malisho yaliyoliwa sana, utaona tu nyuzi nyeupe zikichomoza asubuhi. Ndipo wataalamu wakazipa jina la Kilatini *clandestinum*, yaani zilizojificha. Lakini mmea wa shambani mwangu ulikuwa na suke lililogawanyika kama vidole vyembamba, na chini ya udongo kamba nyembamba ndefu ambazo kila kipande chake huchipua upya. Ilikuwa sangari. Haikuvuka ua wowote. Ilikuwa kwangu siku zote, na jembe langu mwenyewe ndilo lililoikatakata na kuieneza.

Tangu hapo nimejiuliza: gugu ni lipi hasa? Nyasi za kikuyu ni wenyeji wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, na hapa kwetu tunazishukuru kila tunapokamua. Mwanzoni mwa karne ya 20 watu walizipeleka Australia na Marekani ziwe malisho na kuzuia mmomonyoko wa udongo. Leo huko Hawaii na California husonga mimea ya asili, na serikali ya Marekani imeziweka katika orodha ya magugu hatari. Nyasi ni zile zile. Kilichobadilika ni mahali, na mahali hapo hazikujipeleka.

Sisemi kwamba gugu halipo. Sangari hunyonya maharagwe, nami naing'oa bila huruma. Kuhukumu si dhambi. Mkulima asiyehukumu atalala njaa. Kosa ni kutoa hukumu ukiwa umesimama wima, kabla ya kujua jina la unayemhukumu na nani aliyemleta.

Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Kwetu nyasi ndizo zilizotupiganisha, nazo hazikuwa na habari. Nilimwomba jirani radhi mbele ya watu wale wale. Alinisamehe, lakini hakusahau. Na kila tukikutana penye ua, mimi ndiye ninayetazama chini kwanza.