Namba na Deni

Kila kitu kiuzwacho hubeba alama mbili: moja huonekana na nyingine haionekani. Ya kwanza hukitambulisha kitu sokoni. Ya pili ni jasho la waliokifanya. Muuzaji hawezi kuuza bila ya kuijua alama ya kwanza, lakini mnunuzi aweza kununua, kutumia na kufa bila ya kuijua ya pili. Kwa hiyo lazuka swali la haki: je, mtu aliyelipa bei ya kitu amekwisha lipa deni lake, au amelipa sehemu yake tu?

Mfano wa kufaa ni albamu ya mkusanyo wa nyimbo za kantri za Marekani, zilizorekodiwa katikati ya karne ya 20. Albamu za namna hii ni nyingi, na nyuma ya baadhi yake, pembeni mwa orodha ya nyimbo, pana mistari myeusi na myeupe iliyosimama juu ya tarakimu 12. Ndani mna kilio cha Hank Williams, aliyefariki dunia tarehe 1 Januari 1953 ndani ya gari, njiani kwenda kuimba, naye hajatimiza miaka 30. Mna sauti ya Kitty Wells, ambaye mwaka 1952 alikuwa mwanamke wa kwanza kuimba peke yake na kufika kileleni mwa chati ya kantri ya Billboard. Mna Patsy Cline, aliyekufa katika ajali ya ndege mwezi Machi 1963. Mapenzi, ulevi, toba, ufukara na mauti vimekaa katika bahasha moja, na vyote vimepewa namba moja.

Namba hiyo nayo ina nasaba yake. Katika majira ya baridi ya 1948 na 1949, Norman Joseph Woodland aliketi ufukoni Miami Beach akachomeka vidole mchangani na kuvivuta kwake. Aliona kwamba nukta na vistari vya Morse, alivyojifunza utotoni, vikirefushwa huwa mistari minene na miembamba. Mwaka 1952 yeye na mwenziwe Bernard Silver walipata hataza. Wazo lilisubiri miaka mingi. George Laurer wa IBM aliibuni mistari ijulikanayo leo, na tarehe 26 Juni 1974, katika duka moja la mji wa Troy, Ohio, mashine ilisoma pakiti ya chingamu. Hank Williams, basi, hakupata kuiona namba inayobandikwa juu ya kilio chake.

Si haki kuilaumu namba. Ni mtumishi mwaminifu, na uaminifu wake ni wa ajabu. Haisemi bei, kama wengi wadhanivyo. Husema kitu ni kipi tu, na bei hutafutwa katika kompyuta ya duka. Tarakimu yake ya mwisho ni bawabu. Tarakimu za mahali pa witiri hujumlishwa na kuzidishwa kwa tatu, za mahali pa shufwa huongezwa juu yake, na ile ya mwisho huikamilisha jumla mpaka igawanyike kwa kumi. Mashine ikikosea tarakimu moja, hesabu hukataa, na kosa hufichuka papo hapo.

Lakini bawabu huyu hulinda mlango mmoja tu. Tarakimu ikipotea hupiga kelele. Mtu akipotea hunyamaza. Rufus Payne, mwanamuziki Mweusi wa barabarani huko Alabama, aliyeitwa Tee Tot, ndiye aliyemfundisha Hank Williams gitaa alipokuwa mtoto. Yasimuliwa kuwa ujira wake ulikuwa senti chache au chakula. Alifariki Montgomery mwaka 1939, wala hakuna santuri ijulikanayo yenye sauti yake. Lesley Riddle naye, Mweusi vilevile, alisafiri milimani na A. P. Carter kutafuta nyimbo: Carter aliandika maneno, Riddle alihifadhi sauti kichwani. Nyimbo zilisajiliwa kwa jina la Carter. Mashine ikipitishwa juu ya albamu yenye matunda ya watu hawa, itasema kwamba hesabu ni sahihi. Na hesabu ni sahihi kweli.

Mtu aweza kupinga na kusema kwamba hakuna wimbo usio na mwalimu, wala mwalimu asiyekuwa na mwalimu wake. Deni likifuatwa hadi chanzoni halina mwisho, na msikilizaji akitakiwa kumlipa kila aliyechangia, hapana atakayesikiliza. Hoja hii ina nguvu, lakini huchanganya madeni mawili. Liko deni la fedha na liko deni la ukiri. La fedha lina mpaka: humhusu yule ambaye kazi yake yajulikana na faida yake ikachukuliwa na mwingine, kama Riddle, kwake sifa tupu haitoshi, kwa maana jina lilipoachwa, fedha nazo zilipita kando. La ukiri halina mpaka, lakini halina gharama. Hank Williams alisema hadharani kwamba alifunzwa na Payne, wala utukufu wake haukupungua hata chembe. Taa iwashayo nyingine haipotezi mwanga.

Tena, jina laweza kwenda mahali ambapo namba haiwezi. Santuri za Jimmie Rodgers, aliyefariki mwaka 1933, ziliwafikia Wakipsigisi wa Kenya. Hugh Tracey alipokwenda huko mwaka 1950 na vyombo vyake vya kurekodia, aliwakuta wasichana wakimwimbia Chemirocha, kiumbe nusu mtu na nusu paa. Jina la Rodgers lilikuwa limegeuzwa matamshi, likavishwa pembe, lakini halikuachwa. Wasichana wale walikosea herufi na kushika heshima. Namba haikosei herufi, wala heshima haiijui.

Basi bei hulipwa mara moja, na deni hubaki. Mnunuzi hakosi kwa kununua, wala duka halikosi kwa kuhesabu. Kosa huanza pale mtu adhanipo kwamba kilichohesabiwa ndicho chote kilichopo. Mistari ile myeusi ni ushahidi kwamba kitu kimeuzwa. Ushahidi kwamba kimepokewa kwa haki hutolewa na ulimi wa binadamu, utajapo jina la aliyefundisha, na na mkono wake, urudishapo kilicho cha mwenyewe.